Mtaro Uliochimbwa Mara Tatu

...na kiti cha mbele wamempa chifu, bila shaka, kiti chenye mgongo, futi tatu kutoka kwa televisheni, na Mulei yuko nyuma yake juu ya kreti ya soda, karibu kiasi cha kuona mikunjo ya shingo chini ya kofia, na shingo hiyo haichezi, duka zima la Nzioka linacheka mpaka betri ya gari inayowasha televisheni inatikisika sakafuni, ila shingo ya Chifu Kilonzo imetulia tuli, na miaka kumi na minne ya kuandika vichekesho imemfundisha Mulei kwamba mtu akianza kucheka shingo ndiyo inayotangulia, cheka basi, mzee, cheka hata kidogo, ni mchezo tu, ni Jumamosi jioni, lakini wapi... Yeye Mulei alikuja Nunguni kutafuta nini? Alhamisi wanaume wawili wenye suti waliteremka kwenye Peugeot kule studio Nairobi, wakamuuliza askari wa lango mtayarishaji wa vichekesho yuko wapi, hawakuacha jina, na yeye akatorokea mlango wa jikoni, mtu mzima na kitambi chake, kwa sababu ni mwaka wa themanini na saba na watu wanapotea kwa maneno madogo kuliko haya, akakimbilia kwa mama akidhani huku hakuna anayetazama televisheni, kumbe Nzioka amenunua moja, kumbe soko lote limealikwa, na aliyelialika ni mama.

"Huyo ni kijana yangu ameandika hiyo yote!" Mama Kasyoka anawaambia akina mama wenzake kwenye benchi la nyuma, "na kichwa yake tu!", nyamaza mama, tafadhali nyamaza, mbona sauti hivyo, na pale kwenye kioo chifu wa mchezo, mnene, kofia imemzidi, anawaamuru wanawake wachimbe mtaro uleule mara ya tatu kwa kuwa mgeni wa tatu anakuja kuukagua, watu wanajishika mbavu, na Mulei anajiona Krismasi iliyopita, jikoni, mama akichambua mbaazi na kumsimulia jinsi Chifu Kilonzo alivyoita mwethya, kile kikundi chao cha kusaidiana kazi, wakachimba mtaro wa fanya juu, ule wa kuzuia udongo usichukuliwe na mvua, ili DO, mkubwa wa tarafa, auone, DO alipoondoka akawaambia wafukie, wakauchimba tena kwa ajili ya DC, mkubwa wa wilaya, wakafukia, wakauchimba kwa ajili ya wazungu wa msaada, "mara tatu, Mulei, shimo ni moja, na kila mtu akapiga picha!", mama akicheka mpaka anafuta machozi kwa leso, na yeye badala ya kucheka akawa anatafuta kalamu, ndiyo tabia yake, ndiyo iliyomlisha. Bosi mwenye kalamu nyekundu ya kukata maneno ya hatari alikuwa likizoni, mwandishi ni Mulei na mtayarishaji ni Mulei, akatia sahihi pale na pale, na alijiona mjanja sana, chifu mwembamba akamfanya mnene, milima akaifanya tambarare, mzungu akamfanya mhindi, kila kitu alikibadilisha, hakuna wa kumshika... Sasa mwigizaji kwenye kioo anainua jembe na kuanza kuimba.

Wimbo! Wimbo hakuubadilisha. Maneno ndiyo, aliyageuza Kiswahili, lakini sauti aliiacha kama mama alivyomwimbia kati ya mbaazi, kwa sababu ni tamu, kwa sababu ana tamaa, na ni mtu wa namna gani huyu, aliyezaliwa kwenye miteremko hii, anayesahau kwamba wimbo wa mwethya una mwenyewe, kwamba kila kikundi kina ngui wake, mwanamke wa kuongoza nyimbo na kuzitunga, na ngui wa kikundi hiki ni Kasyoka, mama yake mwenyewe, wimbo huu aliutunga siku ya tatu ya kuchimba, hakuna kilima kingine kinachouimba... Mwigizaji anamaliza mstari wa kwanza, na benchi la nyuma linaitikia.

Hawakupanga. Ngui haachwi peke yake, midomo yao yenyewe inajua, wanaitikia kwa Kikamba, kwa maneno ya asili, lile neno la kufukia na kufukua, wote pamoja, kisha kila mmoja anasikia alichosema. Shingo inageuka. Chifu hamtazami Mulei kabisa, macho yanampita kama kwamba kreti ni tupu, yanakwenda kwenye benchi.

"Hii wimbo," anasema polepole, "imetoka kwa nani?"

Mungu wangu, si mimi anayemtaka. Siku mbili amejiogopea mwenyewe, ameogopea mgongo wake na kazi yake, na hakuwaza hata mara moja kwamba watakaouliza watamuuliza alisimuliwa na nani, yeye ana cheo, ana rafiki wakili, ataandikwa hata gazetini, lakini nyuma ya ofisi ya chifu kuna chumba cha mabati wanamofungiwa watu na mama ana miaka sitini na sita na kifua kibovu, hakuna gazeti litakalomtafuta, alimpa hadithi yake jikoni na yeye akaiuza... Mchezo bado unaendelea, mwigizaji anaimba mstari wa pili, safari hii hakuna anayeitikia, chifu anangoja, na Mulei anajua jambo moja kuhusu mama yake ambalo linamtisha kuliko Peugeot, kwamba anapenda sifa, kwamba hajawahi katika maisha yake kuulizwa wimbo ni wa nani akakaa kimya, na kweli, nyuma yake benchi linalia, mtu anajiweka sawa, anasafisha koo, na Mulei anavuta pumzi haraka ili awahi kusema, kabla ya mama, kwamba wimbo ni wake yeye.