Tiketi Mbili za Treni

Saa mbili na nusu asubuhi baba mdogo alinipigia simu kuniambia kaka yangu amefariki, na kabla sijapata hata nafasi ya kulia akaniwekea masharti.

"Mama yako usimwambie neno. Tuko njiani na shangazi zako, tutafika saa tisa. Habari kama hii mtu haambiwi akiwa peke yake."

"Hayuko peke yake. Yuko na mimi."

"Wewe bado mtoto," akasema. Nina miaka thelathini na minne. "Endelea naye na hayo maneno yake ya safari, asije akashtuka."

Nilipaswa kumkatalia. Mimi ndiye ninayegombana na kila mtu katika ukoo wetu, na siku hiyo moja nikasema sawa.

Nilikuwa nimesimama kwenye kamba za kuanikia, nyuma ya duka letu la kufulia nguo. Ndani mama alikuwa anapiga pasi mashati ya hoteli huku akikariri. "Otobus, basi. Rakevet, treni. Nahag, dereva."

Kaka, ambaye tulimwita Profesa kwa tabia yake ya kuandika kila kitu, alikwenda ng'ambo miaka miwili iliyopita kuchuma pilipili hoho shambani. Kabla ya kuondoka alisomeshwa Kiebrania wiki sita, akaacha daftari nyumbani. Trekta lilipompindukia, mwajiri wake akakubali kumsafirisha mtu mmoja wa familia, na mama akasema huyo mtu ni yeye, mjadala umefungwa. Kutoka uwanja wa ndege hadi mji wenye hospitali alikolazwa kuna treni, halafu basi, na hakuna wa kumpokea. Mama hajui kusoma. Basi mimi nikawa namsomea daftari, naye kila neno akalipangia rafu yake ya nguo. Mashuka yalikuwa treni kwa sababu ni marefu. Taulo zilikuwa basi. Soksi, zinazotupotea kila siku, zilikuwa tiketi, kartis. Alikuwa amefikisha maneno arobaini, na ndege ilikuwa keshokutwa.

Nikanawa uso, nikajikaza kisabuni, nikaingia.

"Mbona macho mekundu?"

"Sabuni."

"Miaka kumi kwenye kazi hii, leo ndiyo sabuni imekuona?" Akacheka. "Haya, niulize."

Nikamuuliza. Kituo? Takhana. Kulia? Yamina. Kushoto? Smola.

"Na ukipotea?"

"Sipotei. Namshika dereva kola mpaka anishushe ninapotaka."

Mteja aliyekuja kuchukua suti yake akamsifu, akamwombea mgonjwa apone haraka. Nikaitikia amina pamoja nao. Nilijichukia kwa ile amina.

Tukaendelea hivyo mpaka mchana. Kila alipopatia neno aliinua uso akanitazama, akisubiri nimsifu, nami nikamsifu. Saa nane ikapita. Nikaanza kuhesabu dakika za baba mdogo kana kwamba yeye ndiye atakayeniokoa.

"Kuna moja hujanifundisha," mama akasema, akigeuza mkono wa shati. "Nikifika dirishani nikataka tiketi mbili, nasemaje?"

"Mbili za nini? Si unakwenda peke yako?"

"Kwenda, ndiyo. Kurudi nakuja naye. Daktari akishasema anaweza kukaa kitako, namchukua, akaugulie nyumbani. Kitanda chake nimeshakisogeza karibu na dirisha."

Nikafungua daftari. Lilikuwepo, ukurasa wa kumi na moja, kwa mwandiko wa Profesa, tena amelipigia mstari. Nikalisoma.

"Shnei kartisim," mama akarudia. Akajinyoosha mgongo, akatazama mbele kana kwamba muuza tiketi amesimama pale, akainua vidole viwili. "Shnei kartisim."

Alilisema bila kosa hata moja. Hapo nikashindwa. Nikaenda ukutani nikachomoa waya wa pasi.

Kwetu hakuna anayezima pasi shati likiwa nusu. Mama akautazama ule waya sakafuni, kisha akanitazama mimi. Akaisimamisha pasi taratibu, akashika ukingo wa meza.

"Nani amepiga simu?"

"Baba mdogo."

"Saa ngapi?"

"Asubuhi. Nilipokuwa kwenye kamba."

Nilitegemea aanguke, na nilikuwa nimeshasogea kumdaka. Akausukuma mkono wangu, wala si kwa nguvu.

"Tangu asubuhi," akasema. "Umekaa hapo unaniuliza, unanisifu. Umeniacha nimkatie mwanangu tiketi."

Nikasema ni baba mdogo aliyeagiza. Mtu mzima mimi, nikajificha nyuma ya baba mdogo. Akaketi sakafuni kati ya vikapu, akanipa mgongo, akalia kwa sauti ndogo.

Saa tisa waliingia wote. Shangazi zangu wakamkumbatia, akawakubalia. Baba mdogo akapiga magoti akamshika mabega, naye akamlalia kifuani, akalia sasa kwa sauti ya juu. Nikasogea nimshike mkono. Akauondoa.