Mgeni wa Mlangoni

Kwa maneno sina mpinzani kijiji kizima cha Misiera, ndiyo maana mpwa wangu Ishema alinichukua niwe msemaji wake siku ya kumposa Sonia. Tulikaa uani chini ya turubai, nikayamwaga mpaka koo likakauka: ukoo wetu, ng'ombe wetu, dini yetu. Kumbe bibi wa msichana, Mama Apollinarie wa kutoka Uvira kule Kongo, hakuwa hata akinisikiliza. Alinipita kama sipo, akamtazama kijana mwenyewe.

"Wewe, unasomaka nini kule Mbarara?"

"Resepta ya tirosini kinase, koko," akajibu, akimwita bibi kwa lugha ya kwao.

Mmoja nyuma akauliza kama huo ni ugonjwa.

"Utufasirie tusikie," bibi akasema. "Bila ile, Sonia haumupate."

Nilifungua kinywa nimwokoe, nikajikuta narudia ng'ombe wetu. Aibu gani hiyo! Ishema alihangaika kwa macho mpaka yakatua mlangoni, kwa wadogo wawili wa Sonia waliotupokea.

"Wale pale, koko. Kila mumoja alikuwa upande wake. Tulipofika wakasogeleana, kila mumoja akamubandika mwenzake ua. Wa ndani wakaona maua, wakawasha moto, wakatia mchele. Sisi bado tuko huku nje, lakini habari imefika jikoni. Na seli ya mwili iko vile vile. Mgeni anabaki nje, resepta mbili mlangoni zinashikana, zinawekeana alama, na ndani kazi inaanza."

Makofi! Mimi nilipiga kuliko wote, utadhani ndimi niliyemfundisha.

Bibi hakupiga. "Na nani anabaambia basimame? Bakipika tu, bakipika tu, nyumba si itaungua?"

"Ndiyo kansa hiyo, koko." Sauti ya Ishema ilishuka. "Ndiyo iliyomuondoa mama yangu. Ndiyo maana niliichagua."

Mama yake alikuwa dada yangu. Uchungu ulinipanda upya, nikainamisha kichwa.

"Na seli yenye kuwa muzima," bibi aliuliza polepole, "inafanyaka je?"

"Inamuvuta mgeni ndani, yeye pamoja na waliomupokea. Mlango unafungwa, kelele inaisha."

Mama Apollinarie alijifuta macho kwa ncha ya kitenge, akainuka, akamshika Ishema mkono.

"Basi mumuingize," akawaambia wasichana. "Sonia ni wake. Na mufunge mulango mbio, kelele ya huyu mujomba imenichokesha."