Mkono Mgeni Hewani

Kila Jumamosi saa kumi alasiri, redio iliyokaa juu ya kabati la vyombo ilianza kulia: di-daa, daa-di. Aliyeita alikuwa mhandisi mstaafu wa meli, rafiki wa Mzee mwenye nyumba. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso. Miaka ishirini waliongea kwa Morse tu, milio mifupi na mirefu inayounda herufi. Leo ilikuwa Jumamosi ya tano anaita bila kujibiwa. Kiharusi kilikuwa kimeulaza mkono wa kulia wa Mzee, na ule wa kushoto aliukataa.

"Mkono huu unatapika herufi, unanitia aibu," alisema. "Mwache tu. Atajua nimekufa."

Mkewe, fundi cherehani, akakata uzi kwa meno. "Nifundishe mimi."

"Wewe? Simu yenyewe unaishika juu chini!"

"Na wewe uzi huwezi kuutia kwenye sindano. Nifundishe, baba watoto."

Basi mke akachora nukta na mistari ya kila herufi kwenye karatasi ya kukatia nguo, akaibandika ukutani. Hapo ndipo alipokosea. Wiki nzima aligonga kitufe cha redio huku akihesabu kwa macho, moja fupi, mbili ndefu, na kila aliposita herufi ilivunjika vipande viwili.

"Hiyo si herufi," Mzee alisema. "Ni kuku anadonoa sahani."

"Kuku ana mwalimu mbaya."

Ijumaa alikuwa akishona pindo la sare, mguu ukienda kwenye pedali. Mzee alisikiliza, kisha akauliza, "Hapo unahesabu mishono?"

"Nikihesabu si nitajidunga kidole! Mguu unajua wenyewe."

"Ehee! Basi achana na karatasi. Sikia herufi, halafu iimbe. Daa-di-daa."

Akaibandua ile karatasi, akakatia kola. Wakaimba mpaka jirani akagonga ukuta.

Jumamosi, saa kumi, wito ukaja. Mzee, mwenye leseni ya redio, akakaa kando. Mkewe akafuta jasho la kiganja kwenye kanga, akagonga jina la redio la mumewe. Jibu likaja polepole, kama mtu mzima anayepunguza hatua ili mtoto asiachwe nyuma.

*Mkono huu siujui. Nani?*

Alisikia mwenyewe, bila kutafsiriwa. Akagonga: *Mke.*

Swali jingine likaja: *Yupo?*

Akamtazama mzee wake, shati limefungwa vifungo upande. *Yupo.*

Redio ikamwaga milio kwa kasi, hata mama wa watu akapotea njia; Mzee tu ndiye aliyeelewa, akicheka, macho yamelowa. Ikabaki kuagana. Wawili hao siku zote waliagana kwa mipigo miwili mifupi. Mama akaondoa mkono wake.

"Hiyo si yangu."

Mzee akanyoosha kidole cha kushoto, akagonga. Di. Di.

Papo hapo ikajibiwa: di, di.

"Haya," mkewe akasema, akirudi kwenye cherehani, "mkono umetapika?"

"Umepiga chafya tu."