Uso wa Wiesława

Taa zilipowashwa katika chumba cha maonyesho, Gracjan Sowiński hakuthubutu kugeuka. Nyuma yake alikuwa ameketi Ndugu Mroczek wa kamati ya chama tawala, ambaye kwa neno moja angeweza kuifungia filamu kabatini milele. Ilikuwa filamu ya pili ya Gracjan, kuhusu wanawake wa kiwanda cha nguo katika mji wa Łódź, Poland. Katikati yake mfumaji mmoja, Wiesława Pytel, alieleza akiwa jikoni kwake jinsi mashine ilivyomkata vidole mwenzake Danuta, na jinsi meneja alivyokataza isizimwe.

Mroczek alifuta miwani yake taratibu. "Nzuri," akasema. "Alhamisi itaonyeshwa kwenye televisheni. Yote. Usiguse hata kipande."

Gracjan alikuwa amejiandaa kugombana, si kusifiwa. "Hata yule mama?"

"Hasa yule mama. Huyo meneja tumemvumilia vya kutosha. Sasa tumepata mdomo wa kumsema."

Gracjan alishuka ngazi akiwaza. Meneja angeondoka, sawa. Lakini watu wake wangebaki pale pale, na Ijumaa asubuhi Wiesława angeingia zamu peke yake katikati yao.

Akapanda tramu mpaka mtaa wa Bałuty, alikokaa Wiesława. Alimkuta Wiesława akimenya viazisukari vyekundu vya supu. Aliposikia habari, mama huyo akakiweka kisu chini.

"Televisheni? Wewe si uliniambia wataiona watu wachache tu?"

"Ndivyo nilivyodhani, mama."

"Ulikaa kwenye kiti hicho hicho ukala supu yangu. Nikaongea nawe kama mdogo wangu, hata nikasahau kuna kamera."

"Ndiyo maana ikatoka nzuri." Neno lilikwisha kumtoka, akatamani kulimeza.

"Nzuri kwa nani, bwana mdogo? Mume wangu anasubiri nyumba. Na wanaogawa nyumba ni hao hao wa kiwandani."

"Basi niikate sehemu yako?"

Maji ya supu yalichemka mpaka yakamwagikia jiko, wala Wiesława hakunyanyuka.

"Danuta hana vidole," akasema mwishowe. "Ukiikata, itakuwa kama hakuwahi kuwa navyo. Usiniulize mimi. Aliyekuja na kamera ni wewe."

Jumatano mchana, huku gari la televisheni likisubiriwa, Gracjan alijifungia katika chumba cha kuhariri na kukitazama kile kipande upya. Mwishoni mwa maneno yake Wiesława alikuwa ameinua macho, akaiona kamera, uso ukamkauka. Tangu mwanzo Gracjan aliupenda mtazamo ule kuliko filamu nzima. Sasa aliuona ulivyo: mwanamke aliyeshtuka kwamba amesema mno.

Kwenye korido viatu vikasikika. Akachukua mkasi. Akakata maneno yote ya Wiesława, gundi ikimganda vidoleni, na mahali pa picha za jikoni akaunganisha picha za mashine za kufuma zikizunguka. Kisha akakikata kipande hicho hata kwenye hasi, ile filamu ya asili inayotolewa nakala, ili asije mtu akakirudisha, akakitupa katika jiko la kupashia chumba joto. Mlango ulipogongwa, chumba kilikuwa kinanuka kuungua.

"Kuna nini humu?" mjumbe wa televisheni akauliza.

"Mabaki," akajibu, akampa makopo ya filamu.

Ijumaa Mroczek alimpigia simu. "Umeniaibisha," akasema, akakata. Kwa miaka miwili Gracjan hakupewa kamera. Alichora mapazia ya jukwaa katika ukumbi mmoja wa michezo ya kuigiza, na huko akawaona waigizaji: watu wanaolia kwa kupenda wenyewe, wakimaliza wanafuta machozi na kwenda kula. Filamu zilizokuja kumpa jina alizifanya na watu wa aina hiyo tu.

Meneja hakuondoka. Mume wa Wiesława akapata nyumba. Siku moja sokoni mama huyo alimshika Gracjan mkono wa koti, kabichi kwapani.

"Ulinikinga," akasema. "Sijasahau. Lakini Danuta hajanisemesha tangu Alhamisi ile. Alikaa mbele ya televisheni na wanawe, akingoja nimtaje."

Wiesława akamwachia koti, akaenda zake.