Uso wa Mama Furaha

Gentil alisomea upangaji wa kurasa miaka mitatu, na kitu alichokiamini kuliko vyote ni kanuni. Jalada la gazeti la televisheni lina mpangilio wake: jina la gazeti juu, toka ukingo hadi ukingo, uso mmoja mkubwa, macho yakimtazama msomaji, vichwa vidogo vya habari kushoto, rangi tatu, si zaidi. Anayepita kwa pikipiki ana sekunde mbili za kutazama, na kanuni zimetungwa kwa ajili ya sekunde hizo.

Toleo la kwanza la *Televizyo Yetu* lilipaswa kumfikia mchapaji Alhamisi. Jumatano asubuhi jalada lilikuwa tayari kwenye kompyuta, katika ofisi yao ya Ndosho. Uso ulikuwa wa Mama Furaha, mama mkwe katili wa tamthilia inayotazamwa mji mzima: midomo imebanwa, jicho moja limefinywa, kidole kimeinuliwa. Chini yake, kwa herufi nyekundu: AMFUKUZA MKAMWANA WA TATU. Gentil alilitafuta kosa na hakuliona.

Mlango ukagongwa, akaingia Mama Furaha mwenyewe. Yaani akaingia Ernestine, mwigizaji wake, mwanamke mfupi aliyefundisha shule ya msingi Keshero kwa miaka ishirini na miwili.

"Papa Gentil, samahani kwa kuchelewa. Nimekuja kwa miguu. Motari wawili wa pikipiki wamekataa kunibeba. Moja ananiambia, ulifukuza ule mutoto na mimba yake, na weye tembea uone."

Gentil alicheka, kisha akaona kuwa mwenzake hacheki. Ernestine alikuwa ameinamia kompyuta.

"Njo itatoka hivi?"

"Ndiyo, njo hivi, mama. Jumamosi asubuhi."

Ernestine akaketi. Jumamosi hiyohiyo mchana, alisema, wakwe walikuwa wanakuja kumposa binti yake wa pekee, jina lake Mimi. Ni watu wa Butembo wanaoishi Murara, na kwao kabla ya kuulizia msichana huulizia kwanza mama yake. Shangazi wa kijana hakosi tamthilia hata mara moja. Alikwisha kumpigia jirani simu kuuliza kama ni kweli Ernestine hupiga watu.

"Weka mutu mwingine, papa. Weka ule bibi arusi mwenye nilifukuza."

"Mama, batu wanajua ni mchezo."

"Nisindikize barabarani."

Alimsindikiza. Muuza sombe, majani ya muhogo, alisogeza beseni lake pembeni. "Mama Furaha, mutoto ya batu umemupeleka wapi?" Mwanamke mwingine alimfunika mwanawe macho. Dereva wa pikipiki aliwatazama wote wawili, akawasha chombo, akaondoka. Gentil alihesabu: katika mita mia moja watu sita walimwita kwa jina, na hakuna aliyesema Ernestine.

Hapo akaliona kosa. Kanuni husema jalada la tamthilia litaje jina la mwigizaji kwanza, la mhusika baadaye. Yeye aliliacha la kwanza kwa kudhani kila mtu analijua.

Akamsimamisha Ernestine mbele ya ukuta wa mawe meusi ya volkano, akatoa kamera. Ernestine akafinya jicho na kuinua kidole.

"Hapana, mama. Huyo ninaye tayari."

"Mbele ya kamera sijue kufanya kingine."

Gentil akafikiri. "Darasa lako la kwanza kabisa. Niitie majina."

"Sibomana, huyo alikuwa analala. Dancille. Moïse wawili, mukubwa na mudogo, na mudogo njo alikuwa murefu..." Alipofika kwa Moïse mdogo, picha ilikuwa imepatikana.

Émile, mhariri, hakuipenda. "Huyu mama ni nani? Mubaya njo anauza, Gentil. Kila mutu anajua."

"Mubaya iko pale chini kulia, kwa foto ndogo. Mukubwa ni mwalimu, na jina lake. Msomaji atataka kujua kama ni mutu mmoja."

Émile alilitazama tena jalada. "Nakala zikibaki, wewe njo utazieleza."

Jumamosi asubuhi Gentil alipita Murara. Magazeti yalikuwa yamepangwa juu ya ukuta mfupi, na kwa sababu ya upepo wa ziwa kila nakala ilikandamizwa na jiwe, zote pembe ya chini kulia. Mama Furaha alikuwa chini ya jiwe kwenye nakala zote. Kwa miaka yote aliyopita hapo Gentil hakuwahi kuyatazama yale mawe. Mama mmoja mwenye kitenge kipya alisimama, akaondoa jiwe, akalinganisha sura ndogo na kubwa, akachukua nakala.

Saa kumi na moja jioni Ernestine alipiga simu.

"Shangazi alikuja nalo ndani ya mukoba. Hajanywa hata fanta, analiweka mezani. Anaangalia gazeti, ananiangalia, anaangalia gazeti."

"Halafu?"

"Anasema, mama, kunja uso kidogo nione. Mbele ya batu wote. Nikakunja."

"Akasema nini?"

"Alicheka mupaka wakamupa maji. Mutoto wangu Mimi ndiye alikuwa analia. Wanarudi mwezi kesho, na mbuzi."

Gentil alimpongeza, akaweka simu chini. Kisha akafungua daftari lake la kanuni na kuandika mwishoni: *Pembe ya chini kulia: jiwe. Picha ndogo iende kushoto.*