Posa kwa Bwana Torvund

Wasichana wote hawa wa Sydney, na Godson, mtoto wa kaka yangu, akaenda kumpenda mpangaji wangu Solveig, binti wa Bwana Torvund.

Torvund ni mwanasiasa wa Norwe aliyepanda cheo kwa kututukana wahamiaji. Alianza udiwani kwa kupinga duka la kebabu la mhamiaji. Akapigiwa makofi, akaingia bungeni, akapinga wakimbizi. Akapewa uwaziri, akajiuzulu magazeti yalipogundua kwamba nyumba yake ilipakwa rangi na wahamiaji wasio na vibali. Mzalendo kwelikweli! Akaanzisha chama chake, kikapata kura za kujaza ukumbi wa harusi, tena harusi ya watu wabahili.

Huyo ndiye tuliyempelekea posa mwaka 2021, kwa Zoom, mipaka imefungwa kwa korona na kila mtu kajifungia kwake. Solveig alishasema: bila baraka za baba, haolewi. Godson, huko mtaani kwake Smithfield, alikuwa hali chakula.

Mshenga wetu Dunstan, mhasibu wa mtaa wa Lidcombe, alisoma mtandaoni maisha yote ya mzee ili amsifu, maana kwetu huombi mke bila kumsifu baba mtu. Nilimwonya. Akaniambia, "Shangazi, niachie mimi."

"Mheshimiwa," akaanza kwa Kiingereza chake cha ofisini, "wewe unajua kulinda nyumba. Wageni walibisha hodi, ukawakatalia. Wakabisha tena, ukawakatalia tena. Mkwe wa namna hiyo ndiye tunayemtafuta!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Torvund akanyoosha tai. Nadhani tangu chama chake kife, hakuna aliyemsifu.

"Nina sharti," akasema. "Kijana asije kuomba ukaazi Norwe."

"Tumekubali," Dunstan akajibu, bila hata kutuuliza.

"Wala ndugu zake."

"Hakuna anayetaka, Mheshimiwa. Kuna baridi."

Mzee wa watu akapoa. Miaka yote ile kalinda mlango, kumbe sisi hata foleni hatukupanga.

"Solveig atarudi lini, basi?"

Solveig, pembeni yangu, akasogelea kamera. "Sirudi, baba. Nimeomba ukaazi huku."

Mzee akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Wenyeji wanakupokea vizuri?" akauliza kwa sauti ndogo.

Nilikuwa nimemwekea majibu makali. Yote yakaniishia, nikamwonea huruma hadi nikajikasirikia.

"Yuko kwangu, mkwe," nikamwambia. "Anakula, analala, anacheka."



"Basi mchukueni," akasema.