Mayai ya Mama Hanad

Mume wangu Simel ni Mmaasai wa kizamani: kwake kuku ni ndege tu, na ndege haliwi wala yai lake. Mwaka wa 2003, hapa Kitengela, alipeleka mbuzi kwa jirani yetu, Mama Hanad, akarudi akipangusa midomo.

"Mama Seleyian, yule mama anajua kupika mayai."

Na mimi miaka yote amenikatalia yangu!

Kesho yake nilienda soko la Kajiado, nikachagua kuku wakubwa kuliko wa Mama Hanad. Walikotoka sikuuliza. Mama Hanad aliniona nikiwafungulia kwa kibanda, pamoja na wale wangu wa zamani.

"Mama Seleyian, hao wageni watenge kwanza wiki mbili. Na daktari wa mifugo akija kuchanja wangu, nitakuita."

"Asante," nikasema. Moyoni nikasema: anaogopa kushindwa.

Wiki haikuisha. Kideri kiliingia, kuku wakapinda shingo, wakaharisha kijani, wakafa wote, wageni na wenyeji. Upande wa pili wa ua, wa Mama Hanad walitaga na kupiga kelele, kama wananicheka.

Jioni alikuja kunipa pole, amebeba trei ya mayai. Hakusema "nilikuambia". Afadhali angesema.

Nilikaanga mawili kati ya hayo, nikamwekea Simel bila kumwambia yametoka wapi. Alionja kidogo, akasukuma sahani.

"Haya si kama ya Mama Hanad," akasema.